Kapteni Joubert: Askari Aliyepangiwa Kituo cha Ziwa Tanganyika



Wapendwa wasomaji, kila mwaka hapa Matembwe tunaagana na vijana. Mmoja anakwenda seminari, mwingine chuo cha ualimu, mwingine jeshini. Mama anafunga mzigo, anaweka mahindi ya kuchoma na rozari, kisha kijana anashuka kwenda Njombe au Makambako kupanda basi. Yule wa jeshi huwa na safari ya namna yake, kwa sababu hachagui aendako. Leo yuko Makambako, kesho anapelekwa kambi ya wanamaji Kigamboni au kituo cha mpakani Kigoma. Barua ya uhamisho ikifika, jibu ni moja tu. Padre naye hali yake haiko mbali na hiyo. Askofu akimwandikia, anafunga sanduku lake na kwenda.

Kwa sababu hiyo, mwezi huu tumeona vema tuwasimulie maisha ya askari mmoja Mkristo aliyekubali kuhamishiwa kituo kigumu kando ya Ziwa Tanganyika na asirudi tena kwao. Jina lake ni Ludovic Joubert. Wazee wa Karema na wa upande wa Kongo walimwita Kapteni Joubert, na jina hilo halijafutika mpaka leo.

Ujana wake na vita vya Roma

Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa, karibu na mji wa Ancenis. Ilikuwa nchi ya wakulima na Wakatoliki wa siku nyingi, watu waliolelewa na masimulizi ya babu zao walioteswa kwa ajili ya imani wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kijana wa nchi ile alikua akijua kwamba imani ina gharama.

Mwaka 1860 Papa Pius IX alikuwa katika shida. Nyakati zile Papa alitawala pia nchi yenye mipaka na askari katikati ya Italia, na vita vya kuiunganisha Italia vilikuwa vinaimega nchi hiyo kipande kwa kipande. Vijana Wakatoliki kutoka Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na hata Kanada walijitolea kumtetea. Kikosi chao baadaye kilijulikana kwa jina la Wazuavu wa Papa. Joubert alikwenda akiwa na miaka 18 tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo alikuwa kwenye mapigano ya Castelfidardo, ambako jeshi la Papa lilishindwa. Alijeruhiwa na kuchukuliwa mateka.

Mwingine angesema hiyo inatosha, arudi nyumbani akalime. Joubert alipopona alirudi kikosini, akatumikia miaka mingi, akapanda cheo hadi kuwa kapteni. Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la Italia lilibomoa ukuta wa Roma karibu na Porta Pia na kuingia mjini. Papa hakutaka damu nyingi imwagike, akaagiza upinzani uwe mfupi, wa kuonyesha tu kwamba mji umetwaliwa kwa nguvu. Basi askari wale waliokuwa tayari kufa waliambiwa waweke silaha chini. Kikosi kikavunjwa.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu ametoa miaka kumi ya ujana wake kwa ajili ya jambo, na jambo lenyewe limeshindwa. Joubert alirudi kwao akaishi maisha ya kimya ya shambani. Hakuwa padre wala mtawa, na sasa hakuwa hata askari. Alikaa hivyo karibu miaka kumi, na macho ya watu yaliona kwamba hadithi yake imekwisha.

Wito wa Kardinali Lavigerie

Wakati huo Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, aliyekuja kuwa Kardinali mwaka 1882, alikuwa amekwisha kuanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawaita Mapadre Weupe. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulitoka Bagamoyo kuelekea bara. Walitembea kwa miguu, wapagazi wakibeba mizigo, na njiani palikuwa na homa, njaa, hongo za kulipa kwa kila mtawala, na wanyang'anyi. Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alikufa njiani kabla ya kuliona ziwa. Wenzake walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879.

Lavigerie aliona kwamba misafara hiyo haiwezi kwenda bila ulinzi. Aliwakumbuka Wazuavu wa zamani, watu waliojua silaha na waliojua kusali. Akaomba wajitokeze walei wa kuwalinda wamisionari. Mwaka 1880 Joubert alijitoa. Alikuwa na miaka 38, umri ambao wengi wanahesabu watoto wao na mifugo yao.

Hatari haikuwa ya hadithi. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ambayo leo ni Burundi, Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei d'Hoop waliuawa. D'Hoop alikuwa mwenzake Joubert katika kazi ileile ya ulinzi. Joubert alibaki, akawalinda wamisionari na watu waliokimbilia kwao, hadi aliporudi Ufaransa mwaka 1885.

Alikuwa ametimiza ahadi yake. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki kwao.

Kituo kipya: Mpala

Mwaka huohuo wa 1885 mambo yaligeuka. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha, na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amepata alichokitaka Kongo. Vituo vyake viwili vya kando ya ziwa, Karema upande wa mashariki na Mpala upande wa magharibi, havikumfaa tena kama zamani. Akavikabidhi kwa Lavigerie. Vilikuwa na ngome zilizojengwa na maofisa wa Kibelgiji, na watu waliokuwa wamekaa kuzizunguka wakitafuta usalama.

Mapadre wakajikuta na mzigo wasiouzoea. Waliyajua mambo ya katekisimu na sakramenti, lakini sasa watu waliwaendea na kesi za mashamba, za wizi, za wake waliotoroka, na zaidi ya yote na kilio cha ndugu waliotekwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini bara biashara ile haikukoma. Vikosi vyenye bunduki vilichoma vijiji vya Marungu na vya kando ya ziwa, vikakusanya pembe za ndovu na watu, vikawavusha kwa mitumbwi na majahazi hadi Ujiji, na kutoka hapo njia ya Tabora. Mkuu wa Ujiji katika miaka ile alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza.

Lavigerie hakutaka mapadre wake washike bunduki wala wawe mahakimu. Alihitaji mlei, askari, mtu ambaye angekuwa kamanda na mwamuzi wa Mpala. Akamwomba Joubert. Naye alikubali kwa mara ya pili. Tarehe 20 Machi 1887 alifika Mpala kushika kituo chake kipya.

Huu ndio uhamisho tuliotaka kuusimulia. Askari yeyote anayehamia kambi ya zamani anakuta kuta zilizojengwa na wengine, desturi za wengine na makaburi ya wengine. Joubert alikuta ngome ya udongo na watu wenye hofu. Nyuma yake hapakuwa na serikali wala kikosi cha kumwokoa akizidiwa, na barua yake ilichukua miezi mingi kufika Ulaya. Wapiganaji wake walikuwa wenyeji wa palepale, wakulima na wavuvi, wengi wao watu waliokombolewa utumwani au waliokimbia vijiji vilivyochomwa. Aliwafundisha kulinda zamu, kutunza silaha na kutii amri. Alipokuwa hayuko vitani alisikiliza kesi, alipima mashamba, alitunza wagonjwa.

Agnes

Tarehe 13 Februari 1888 Joubert alifunga ndoa kanisani na Agnes, binti wa nchi ile. Tukumbuke nyakati zenyewe. Wazungu wengi waliokuwa Afrika waliishi na wanawake wa Kiafrika bila ndoa, na walipoondoka waliwaacha na watoto bila jina. Joubert alisimama mbele ya altare na kuahidi kama mwanaume Mkristo yeyote anavyoahidi. Kwa ahadi hiyo alisema pia, bila kutamka, kwamba kituo hiki si cha kupita. Mwenye mke na watoto mahali fulani amekwisha kuwa mtu wa mahali hapo.

Mungu aliwajalia watoto kumi, na wawili kati ya wana wao walikuja kuwa mapadre. Wanandoa wa parokia zetu watazame hapo. Nyumba ya Joubert na Agnes ilikuwa katikati ya vita na homa, lakini ilikuwa nyumba ya sala, na kutoka ndani yake miito ikachipuka. Agnes hasimuliwi sana vitabuni. Lakini mtu anayejua maana ya kulea watoto huku baba akiwa zamu ya usiku, atajua kwamba nusu ya utume wa Kapteni ilibebwa na mke wake.

Miaka ya dhiki

Familia ile ilihamia baadaye Mrumbi, mahali palipoitwa Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi. Hapo ndipo shida ilipozidi. Mwaka 1888 vita viliwaka pwani, Abushiri na wenzake wakiwapinga Wajerumani, na njia za misafara kutoka pwani zikavurugika. Baruti na risasi hazikufika. Wakati huohuo Rumaliza aliendelea kupata nguvu ziwani, naye alikuwa na vyombo vya majini vya kuvusha watu wake upesi kutoka ukingo hadi ukingo. Joubert angeweza kulinda nchi kavu, lakini ziwa lote lilikuwa wazi.

Mwaka 1888 pia Kardinali Lavigerie, kwa kutumwa na Papa Leo XIII, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa. Watu waliguswa, vyama vikaundwa, michango ikakusanywa. Wabelgiji walituma vikosi vya msaada, lakini safari ilikuwa ndefu. Mwezi Oktoba 1891 ndipo Kapteni Jacques alipofika Mpala na watu wake. Joubert alikuwa amesubiri zaidi ya miaka minne. Mwishoni mwa mwaka huo Jacques alianzisha kaskazini ya hapo kituo cha Albertville, ambacho leo ni mji wa Kalemie. Mapigano yaliendelea hadi nguvu ya Rumaliza ilipovunjika mwaka 1894.

Tusiyapambe mambo. Historia ya Joubert ina upande unaotufanya tunyamaze na kufikiri. Kardinali Lavigerie aliwahi kuota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye mfalme na askari wake. Ndoto hiyo haikutimia, na pengine ni neema kwamba haikutimia. Kuta za misioni zilizowaficha watu wasitekwe zilisimama pia karibu na bendera za wakoloni. Dola ya Leopold iliyokuja kutawala Kongo iliwatesa watu wake kwa ajili ya mpira na pembe, na jina lake limebaki doa kubwa. Swali hili halina budi kuulizwa na kila mseminari anayesoma historia ya Kanisa: je, Injili inaweza kulindwa kwa bunduki bila kujeruhiwa na bunduki hiyohiyo?

Jibu la Joubert halikuwa la maneno. Msaada ulipofika na kazi ya ulinzi ikachukuliwa na wengine, alikuwa na nafasi nzuri ya kutafuta cheo kikubwa, au kurudi Ufaransa kupokelewa kama shujaa. Hakufanya hivyo. Alitundika silaha, akabaki kijijini na familia yake, akalima, akafundisha dini, akatunza wagonjwa. Askari aliyekuja kulinda aliishia kuwa jirani.

Ngome inakuwa seminari

Ng'ambo ya pili, Karema, alikuwapo mtu mwingine wa kukumbukwa pamoja naye. Huyo ni Adrian Atiman, aliyetekwa na kuuzwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga kisiwani Malta, na kufika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na mganga. Alitibu watu hapo hadi kifo chake mwaka 1956. Joubert na Atiman walikuwa walei wote wawili, mmoja alikuja na bunduki na mwingine na dawa. Kanisa la Sumbawanga na la Mpanda la leo limesimama juu ya migongo ya walei wa namna hiyo.

Mpala yenyewe ilibadilika. Kabla karne haijaisha, Askofu Victor Roelens alianzisha mahali pale masomo ya vijana waliotaka upadre. Mahali palipokuwa pa zamu za usiku pakawa pa Kilatini na sala za jioni. Mmoja wa vijana wa mwanzo alikuwa Stefano Kaoze, aliyezaliwa katika nchi ileile ya Marungu iliyokuwa imeharibiwa na watekaji. Tarehe 21 Julai 1917 alipata daraja takatifu ya upadre, akawa padre wa kwanza Mkongo. Wakati huo Joubert alikuwa na miaka 75. Ukitaka kujua alichokilinda Kapteni, usitazame kuta za ngome. Mtazame Padre Kaoze.

Mwisho wa safari

Ugonjwa wa malale uliwaangamiza watu wengi wa kando ya ziwa, na vijiji vikahamishwa. Mwaka 1910 Joubert, akiwa mzee wa miaka 68, alifunga tena mizigo yake. Familia ilihamia Misembe, karibu na misioni ya Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Ulikuwa uhamisho wake wa mwisho. Polepole macho yake yalififia hadi akawa kipofu. Aliyekuwa akiongoza zamu sasa aliongozwa kwa mkono kwenda Misa.

Katika giza lile vita vingine vilikuja. Wajerumani walileta Kigoma meli iliyotengenezwa Papenburg, ikiwa imefunguliwa vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Mafundi waliiunganisha upya Kigoma na kuishusha majini Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, ikatiwa mizinga. Waingereza nao walileta mashua mbili za vita kwa nchi kavu kupitia Kongo. Ziwa ambalo Joubert alililinda bila chombo cha maana sasa likawa na meli za vita za mataifa makubwa. Mwezi Julai 1916 Wajerumani, wakiona Kigoma inaponyoka, waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini mafundi waliipaka mashine zake grisi nene kabla ya kuizamisha, ili siku moja iweze kuibuliwa.

Iliibuliwa kweli mwaka 1924, ikatengenezwa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari mpya ikiwa na jina la Liemba. Haikuwa tena meli ya mizinga. Ilibeba abiria, dagaa, unga, wagonjwa na maharusi, na imewavusha watu wa ziwa lile kizazi hadi kizazi.

Siku 11 baadaye, tarehe 27 Mei 1927, Kapteni Ludovic Joubert alifariki dunia huko Misembe akiwa na miaka 85. Alizaliwa kando ya Mto Loire, akazikwa katika ardhi ya Tanganyika, katikati ya watu ambao walikuwa wamekwisha kuwa wake.

Tujifunze nini?

Kwanza, walei wana wito wao. Joubert hakuwahi kuvaa kanzu ya upadre, lakini bila watu kama yeye mapadre wangezikwa njiani. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, katekista, mwanajeshi, mwalimu, fundi, kila mmoja ana kituo alichopangiwa na Mungu.

Pili, kushindwa kwa kwanza si mwisho wa wito. Joubert alishindwa Castelfidardo na akaiona Roma ikitwaliwa. Kazi yake kubwa ilianza baada ya hapo, alipokuwa amekwisha kusahaulika. Mseminari aliyefeli mtihani, mzazi ambaye mipango yake imevunjika, asikate tamaa mapema.

Tatu, uhamisho unazaa matunda pale mtu anapokubali kuwa wa mahali alipotumwa. Wako watu wanaokaa kituoni miaka kumi huku moyo wao uko kwingine, wakihesabu siku. Joubert alioa hapo, akazaa hapo, akazeeka hapo, akafa hapo.

Nne, silaha zina siku zake na lazima zipite. Ngome ya Mpala ilikuja kuwa mahali pa seminari. Meli ya vita ya Kigoma ilikuja kuwa chombo cha wananchi. Askari mwenyewe alikuja kuwa babu kipofu anayesali rozari. Mungu hatupi kilichotengenezwa kwa vita; anakigeuza.

Basi safari nyingine kijana wa Matembwe atakapopata barua ya uhamisho, awe askari au padre, tumwombee kwa jina lake kwenye sala za jumuiya. Tumwombee pia mama aliyebaki nyumbani akitazama barabara ya Njombe. Na tumwombe Mungu ampe kijana huyo neema aliyopewa Kapteni Joubert: kufika kituoni kama mgeni, na kuondoka duniani kama mwenyeji.